Kolaji na vitu vya kuokota: maswali yanayojirudia kuhusu kazi ya studio

Haya maswali yanakuja kila mara, kwenye simu, kwenye maonyesho, na kila mtu anapoingia studio hapa Dar akakuta mifuko ya simenti imeanikwa kwenye kamba. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo kabisa kwenda kwenye yale magumu. Pale jibu linapokaa kwenye swali lingine nimekuelekeza huko badala ya kurudia.

## Ya mwanzo

Kolaji ni nini hasa?

Ni kazi unayoijenga kwa kubandika vipande vya vitu ambavyo tayari vilikuwa na maisha yao: gazeti, pakiti, kitambaa, tiketi, picha, kizibo. Vitabu vingi vinaanzia Paris mwaka 1912, Pablo Picasso alipobandika kipande cha kitambaa cha mezani chenye chapa ya ususi wa kiti kwenye picha yake na kuizungushia kamba, na mwaka huohuo Georges Braque akaanza kubandika karatasi za ukutani. Ni kweli na ni vizuri kujua, ila mimi wanafunzi wangu nawaanzishia karibu zaidi.

Nawaanzishia kwa Rosemary Karuga, aliyezaliwa Kenya 1928, akasoma sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 50, akafundisha shule miaka mingi, alafu ukubwani akarudi kwenye sanaa kwa nguvu zote. Rangi zilikuwa ghali, kwaiyo akachukua karatasi za sabuni ya Rexona na pakiti za unga, akazikata vipande vidogovidogo na kuvipanga mpaka vikawa kuku, wanawake, mashamba. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Studio Museum in Harlem, New York. Alifariki 2021. Ukizitazama kazi zake kwa karibu unaona kila kipande kimechaguliwa kwa rangi yake, mpaka unasahau kabisa kwamba ni pakiti ya unga.

Si ni kazi ya mtu asiyejua kuchora?

Hapana, na swali hili huwa linaniuma kidogo. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, anachora vizuri mno na bado kolaji zake zimejengwa kwa vipande vya majarida ya mitindo na michoro ya vitabu vya kitabibu, kwasababu mwili uliokatwa kutoka kwenye jarida unasema jambo ambalo mwili uliochorwa hausemi. El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefundisha Nsukka, Nigeria, anaunganisha vizibo vya chupa za pombe kwa waya wa shaba mpaka vinakuwa mapazia ya kufunika ukuta mzima. Na hapahapa kwetu Edward Saidi Tingatinga, mwishoni mwa miaka ya 60, alianza na vipande vya ubao wa silingi na rangi ya kupaka baiskeli. Hiyo sio kolaji, lakini akili ni ileile ya kuangalia kilichopo mkononi.

Kuchora kunasaidia. Ila jicho la kuchagua na kupanga linasaidia zaidi, na hilo linafundishika.

Nianze na nini kama sina hela?

Mkasi mmoja mzuri, wembe au kisu cha kukatia karatasi, rula ya chuma (ya plastiki utaikata pamoja na karatasi), brashi bapa ya inchi moja, gundi, na kitu kigumu cha kubandikia. Hela kidogo uliyonayo iweke kwenye gundi na kwenye ubao wa nyuma. Vya kubandika utavipata bure, lakini gundi mbaya itakuangusha baada ya masika moja tu.

## Kuokota na kutunza

Unaokota wapi?

Wachapaji Kariakoo wana vipande vya karatasi vinavyobaki baada ya kukata kadi za harusi, karatasi nzito na nzuri, nyingi zinaishia kwenye taka. Fundi cherehani ana vitenge vilivyobaki. Kwenye nyumba inayojengwa kuna mifuko ya simenti. Maduka yanatupa kalenda za mwaka jana kila Januari, na kwenye mtaa wa Gerezani kuna chuma cha kila aina. Vocha za kukwangua zilikuwa zimetapakaa kila mahali, siku hizi watu wananunua salio kwenye simu kwaiyo ukiziona zikusanye, zina rangi ambazo huzipati pengine.

Mambo mawili. La kwanza omba, hata kama kitu kiko chini, manake pembeni ya jalala daima kuna mtu anayeishi kwa kile kile unachokiita cha bure. La pili, waokotaji wa chupa na makopo walipe. Mimi nina watu ambao wanajua natafuta nini, wananiletea na nawalipa zaidi ya bei ya kilo ya skrepa kwasababu wamenichagulia, na jicho lao ni sehemu ya kazi.

Mifuko ya simenti unaisafishaje?

Swali ninalolipenda kuliko yote, kwasababu ule mfuko ni karatasi bora kuliko nyingi za dukani. Umetengenezwa kwa karatasi ya kaki yenye nyuzi ndefu na ngumu, mara nyingi ni tabaka zaidi ya moja, na tabaka la ndani lina rangi ya asali ambayo haijaguswa na wino.

Fanyia nje, vaa barakoa na glovu, manake vumbi la simenti linachoma ngozi ikiwa na jasho na sio kitu cha kuvuta. Kata ule mshono wa juu na wa chini, fungua mfuko uwe bapa, kung'uta taratibu, alafu futa kwa kitambaa kikavu kabla ya kitambaa chenye maji. Ukianza na maji simenti iliyobaki inashika palepale na kuwa kama sandpepa. Ukishafuta mara mbili tatu anika kivulini, na kabla haijakauka kabisa ilaze chini ya kitu kizito. Tabaka la nje lenye nembo liweke peke yake, lina kazi yake. Pale mfuko ulipokunjwa wino umekatika na kuacha mistari myeupe, na mimi mara nyingi naijenga picha nzima kufuata ile mistari.

Vitu gani havifai kabisa?

Betri, vifaa vya hospitali, makopo ya dawa za mifugo na viuatilifu, na mabati ya zamani ya asbesto, hayo hata usiyavunje. Nyaya usizichome kupata shaba, ule moshi ni sumu kwako na kwa jirani. Rangi za zamani zinazobanduka kwenye chuma zinaweza kuwa na risasi, usizipige msasa zikiwa kavu.

Alama za barabarani, mifuniko ya chemba, vyuma vya reli: najua zile alama zina njano na nyekundu za kuvutia, lakini mtu ametoa kitu ambacho kinalinda maisha, na ukikinunua umemlipa arudi tena. Usiguse. Noti na vitu vya wanyama viko kwenye sehemu ya sheria huko chini.

Nyumba imejaa na wenzangu nyumbani wamechoka, unapangaje?

Mimi napanga kwa rangi na kwa tabia ya kitu, sio kwa kilikotoka. Yaani boksi la kaki zote, boksi la nyekundu zote ziwe pakiti au jarida, boksi la maandishi, boksi la vitambaa, boksi la ngumu. Ukipanga kwa kilikotoka (magazeti huku, pakiti kule) utakuwa unatafuta nyekundu kwenye maboksi sita na kazi inapoa mkononi.

Alafu weka kikomo cha nafasi. Boksi likijaa, kabla ya kuongeza toa. Kitu ambacho kimekaa mwaka mzima na kila ukikishika unakirudisha, mpe msanii mwingine au shule.

Mchwa, mende na ukungu, nawakwepaje?

Huku pwani hili ni nusu ya kazi. Usiweke kitu chochote cha karatasi sakafuni wala kugusa ukuta, inua juu ya mbao au matofali na acha upenyo wa hewa nyuma. Ukungu unaanza pale unyevu ukizidi asilimia 65 hivi na hewa haitembei, kwaiyo masika fungua maboksi siku za jua na usifunge karatasi kwenye plastiki ikiwa na unyevu.

Karatasi mpya iliyoingia studio isikutane na za zamani kabla ya kuikagua. Ukiona vile vidudu vidogo vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifungua daftari la zamani, au mashimo, funga mzigo kwenye mfuko wa nailoni, toa hewa, weka friza wiki mbili. Ukiutoa usiufungue siku hiyohiyo, acha urudi joto la chumba ukiwa umefungwa hadi kesho yake, ili maji yatokee nje ya mfuko na sio kwenye karatasi.

Karatasi yenye ukungu mbichi itupe tu. Hata iwe nzuri vipi.

## Gundi, karatasi na vitu vinavyogoma

Gundi gani ni nzuri?

Inategemea unabandika nini juu ya nini, na hapa ndipo watu wengi wanapoteza kazi zao.

Kwa karatasi juu ya kadibodi au ubao natumia gundi nyeupe ya maji, ile ya PVA, ila natafuta iliyoandikwa haina asidi. Ile ya maseremala inashika sana, na kwa mazoezi sio mbaya, lakini nyingi zina asidi na zinakuwa ngumu na njano kadri miaka inavyoenda. Naipunguza kwa maji kidogo kwa karatasi nyepesi, kwa karatasi nzito naiacha ilivyo. Midiamu ya akriliki (ule uji wa kuchanganyia rangi za akriliki) ni nzuri zaidi na inafanya kazi ya gundi na ya kufunika juu kwa pamoja, ni ghali tu.

Seloteipu usitumie kabisa kwenye kazi ya kudumu. Ile gundi yake inageuka kahawia, inapenya kwenye karatasi na kuacha doa, alafu plastiki yenyewe inadondoka. Gundi ya mpira ya steshenari inakupa raha siku ya kwanza kwasababu unaweza kubandua na kupachika upya, lakini baada ya miaka inachafuka na kuachia. Gundi ya viatu ni kwa ngozi, mpira na kandambili, na uitumie nje au madirisha yakiwa wazi, ile harufu inaumiza kichwa na ini. Kwa chuma na kioo, epoksi ya mirija miwili, au bora zaidi toboa na ufunge kwa waya, manake kitu kilichofungwa hakiombi gundi.

Gundi ya unga inapikwaje na inafaa?

Inafaa, ni ya zamani na inafunguka kwa maji ukitaka kurekebisha baadae. Kipimo kimoja cha unga, vinne au vitano vya maji. Koroga unga na maji ya baridi kidogo kwanza mpaka mabonge yaishe, maji mengine yachemshe, mimina humo huku unakoroga bila kuacha mpaka iwe nzito na ianze kuonekana kama ina mng'ao. Ipua, ipoe, pitisha kwenye chujio la chai. Kwenye friji inakaa siku chache, ikianza kunuka mwaga.

Unga wa ngano una protini ambayo wadudu wanaipenda, kwaiyo mimi natumia wanga mtupu, wa muhogo au konflawa. Matone machache ya mafuta ya karafuu yanachelewesha ukungu, njia hii wajalidi wa vitabu wameitumia muda mrefu, na sisi karafuu tunayo Unguja na Pemba. Ila kwa kazi itakayoning'inia nyumba ya pwani isiyo na kiyoyozi, sikushauri uitegemee gundi ya unga peke yake.

Mbona karatasi yangu inafanya mikunjo na mapovu?

Kwasababu karatasi ikilowa inatanuka, na wewe unaibandika wakati bado inatanuka. Paka gundi, acha dakika moja mbili hivi inywe na itulie (nyepesi muda mfupi zaidi, nzito zaidi), ndio uilaze. Anzia katikati, sukuma hewa kwenda nje kwa kadi ngumu ukiwa umeweka karatasi safi juu yake ili usichane. Povu likibaki, toboa kwa sindano kwa mshazari na ubonyeze.

Alafu kuna mwelekeo wa nyuzi. Chukua gazeti, lichane kwa wima, linachanika mstari mnyoofu. Lichane kwa mlalo, linaenda kombo. Ule upande unaochanika vizuri ndio nyuzi zinakolala, na karatasi inatanuka zaidi kukatiza nyuzi hizo. Vipande vikubwa vinavyokaa pamoja vilaze nyuzi zielekee upande mmoja, utaona nusu ya mikunjo imeondoka yenyewe.

Na zima feni. Feni inakausha kingo kabla ya katikati, kingo zinanyanyuka.

Ubao au kadibodi inapinda ikishakauka, nifanyeje?

Karatasi inasinyaa ikikauka na kuvuta ubao upande wake. Dawa ni kuupa upande wa nyuma mvutano uleule: bandika karatasi ya unene unaofanana nyuma, kwa gundi ileile, nyuzi zikielekea upande uleule. Ubao wa hadibodi au plaiwudi upake rangi nyeupe ya maji pande zote mbili na kwenye kingo kabla hujaanza, usiku kucha ukauke. Ukimaliza kubandika weka karatasi ya kuokea ambayo haigandi, gazeti juu yake, ubao mwingine, na uzito, matofali yaliyofungwa kwenye kitambaa yanatosha. Badilisha gazeti kila baada ya saa chache siku ya kwanza. Juani usiweke kamwe.

Picha nilizoprinti zinachuruzika rangi nikipaka gundi.

Hiyo ni printa ya wino wa maji. Nenda sehemu ya fotokopi wakutolee kwa printa ya leza, ule ni unga unaoyeyushwa kwa joto na hauogopi maji. Kama picha ni hiyohiyo moja tu, inyunyizie vanishi ya kopo pande zote kwa tabaka jembamba, ikauke, ndio ubandike, na jaribu pembeni kwanza.

Risiti za EFD (zile za mashine za dukani) na tiketi zimefifia, zingine zimekuwa nyeusi.

Zile karatasi hazina wino, zina kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto. Pasi inazigeuza nyeusi, baadhi ya gundi zenye spiriti pia, na mwanga unazifuta. Kwaiyo risiti halisi haiwezi kudumu kwenye kazi hata ufanye nini. Kama unataka ile sura yake, namba zake, tarehe, chukua fotokopi ya leza mapema kabla haijafifia na utumie hiyo. Kama kufifia ndio hoja ya kazi yako basi sawa, lakini mwambie mnunuzi. Na nawa mikono baada ya kuzishika nyingi, ile kemikali nyingi yake sio rafiki wa mwili.

Kanga na kitenge vinabandikwaje bila kufumuka?

Fua kwanza, kanga mpya ina wanga na rangi inayotoka. Ikikauka piga pasi, paka nyuma gundi iliyopunguzwa maji, ianike bapa mpaka ikauke kabisa, ndio ukate. Hapo inakatika kama karatasi na ukingo haufumuki. Kubandika paka gundi nzito kwenye ubao, sio kwenye kitambaa.

Kuhusu jina la kanga: likate ukiwa na sababu. Mtu yeyote wa huku akiona maneno ya kanga anayasoma kabla ya kuona kitu kingine chochote, na ukiyakata nusu ataanza kukisia yaliyobaki. Mimi mara nyingi natumia pindo na mji (ile sehemu ya katikati) tu, jina naliweka akiba kwa kazi inayolihitaji.

## Siku ya kazi

Siku yako studio inaendaje?

Asubuhi mwanga ni mzuri na mikono imetulia, kwaiyo asubuhi napanga na kukata tu, gundi haifunguliwi. Vipande vinakaa mezani bila kushikwa na chochote, navisogeza, naondoka, narudi. Mchana joto likipanda gundi inakauka kwenye brashi kabla haijafika kwenye karatasi, huo ni muda wa kusafisha vitu, kupanga maboksi, kupaka ubao rangi, kujibu watu. Kubandika nafanya jioni. Usiku kazi inalala chini ya uzito.

Watu wanategemea kusikia habari za msukumo wa ghafla. Upo, lakini sehemu kubwa ya siku ni kufuta vumbi, kukata, na kutazama, na mimi naona huko kutazama ndiko kazi yenyewe inakofanyika. Mtu anayebandika kitu alichokiokota dakika hiyohiyo kwa kawaida anabandika kile alichokizoea.

Unajuaje mpangilio umekaa kabla hujabandika?

Piga picha kwa simu, igeuze nyeusi na nyeupe. Kama kila kitu kimekuwa kijivu kimoja, picha haina mifupa, rangi zilikuwa zinakudanganya. Alafu igeuze juu chini. Alafu iache ilale usiku kucha mezani na kioo juu yake upepo usiivuruge, asubuhi utaona kipande gani kinapiga kelele. Zile picha za simu zihifadhi, ndizo zitakazokuonyesha kila kipande kilikaa wapi ukianza kubandika, manake ukishanyanyua vya juu ili ufike chini, kumbukumbu haitoshi.

Nikikwama?

Ondoa kipande unachokipenda zaidi. Mara nyingi vingine vyote vilikuwa vinakihudumia hicho kimoja na vimekosa pa kwenda. Kiweke kwenye boksi, hakijapotea.

Unajuaje imeisha?

Kila kipande ninachoongeza kikianza kufunika kitu kilichokuwa kinafanya kazi, naacha. Sina kipimo kingine.

## Kudumu

Gazeti linageuka njano, kuna dawa?

Karatasi ya gazeti imebaki na lignini ya mti, na lignini ikikutana na mwanga na hewa inageuka njano na kuwa chapati kavu inayokatika. Kuifunika kwa midiamu kunachelewesha, hakuzuii. Njia ya uhakika ni ileile ya risiti: fotokopi ya leza kwenye karatasi isiyo na asidi. Kama unataka gazeti lenyewe, na mimi mara nyingi nalitaka, basi lipange ukijua litakuwa kahawia, weka pembeni yake rangi ambazo zitapendeza na kahawia.

Vanishi lazima?

Kwa kazi itakayowekwa nyuma ya kioo, hapana. Kwa kazi ya wazi ndio, na iwe ya maji isiyogeuka njano, tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene. Vanishi ya mafuta ya mafundi fanicha inafanya kila kitu kiwe na rangi ya chai, na karatasi nyepesi inakuwa kama imelowa mafuta ya maandazi. Jaribu kwenye kipande cha pembeni chenye vitu vyote ulivyotumia. Chuma chenye kutu kisugue kwa brashi ya waya mpaka unga uishe, alafu nta au vanishi, la sivyo kutu itahamia kwenye karatasi.

Fremu iweje?

Kioo kisiguse kazi. Mwambie fundi fremu aweke nafasi kati ya kioo na karatasi, kwa pasipatuu (kadi nene inayozunguka picha) au vijiti vyembamba kwenye kingo, manake huku pwani unyevu unajikusanya kwenye kioo na karatasi inaganda hapo. Nyuma kusiwe na kadibodi ya boksi, ina asidi. Na isitundikwe ukuta unaopigwa na jua la jioni.

## Sheria na mambo yenye utata

Nikikata picha ya jarida navunja hakimiliki?

Unaweza kuwa unavunja. Kuwa na nakala ya jarida hakukupi haki ya picha iliyomo. Tanzania bara tunaenda na sheria ya hakimiliki ya 1999, Zanzibar wana yao ya 2003, na kwa kazi nyingi ulinzi unadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kenya pia ni maisha na miaka 50. Ukikata vipande vidogo vikawa ngozi, anga, nywele, hatari ni ndogo. Ukichukua picha nzima ya mpigapicha aliye hai, ukaongeza ua pembeni na kuuza chapa zake mia, hapo umechukua kazi ya mwenzako. Ukiwa na mashaka waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania bara, au fanya rahisi zaidi, piga picha zako mwenyewe na uzitoe fotokopi.

Naweza kutumia noti?

Kuharibu noti kwa makusudi ni kosa kisheria, hapa na Kenya. Sarafu zilizokwisha matumizi ni habari nyingine. Usikate noti.

Nimeokota albamu na barua za watu, nizitumie?

Picha ya harusi ya mtu iliyofika mnadani haikufika pale kwa furaha. Mimi situmii sura inayotambulika ya mtu ambaye anaweza kuwa hai au ana wanae mjini, natumia nguo, viti, mapazia ya studio za zamani, mikono. Vyeti, kadi za kliniki, vitambulisho, hapana kabisa.

Na kurasa za Kurani au Biblia?

Usikate. Ukiziokota zipeleke msikitini au kanisani, wana utaratibu wao wa kuzitunza. Hata karatasi zenye maandishi ya Kiarabu usizibandike kabla hujamuuliza anayesoma, manake pakiti ya tende na ukurasa wa dua kwa asiyejua vinafanana.

Nimekuta gamba la kasa, manyoya na mwiba wa nungunungu, si nimeokota tu?

Kwa sheria ya wanyamapori ya 2009 sehemu za mnyamapori ni nyara za serikali, hata ukiwa umeziokota, na kukaa nazo bila kibali kunaweza kukupeleka mahakamani. Kasa wa baharini biashara yake ya kimataifa imekatazwa pia na mkataba wa CITES, kwaiyo hata mnunuzi wa nje anaweza kukamatwa uwanja wa ndege. Viache pale ulipovikuta. Manyoya ya kuku yapo.

Bei napangaje wakati vitu ni vya bure?

Havikuwa vya bure. Hesabu gundi, ubao, fremu, nauli, ulichowalipa waokotaji, pango la studio, na saa zako zote ikiwemo za kusafisha na kutazama. Mteja akisema "lakini hii si pakiti ya unga" muonyeshe kazi kwa karibu na umueleze ulivyofanya, usipunguze bei kwa aibu.

Kazi ikienda nje ya nchi?

Isafiri bapa, usiiviringishe, tabaka zitapasuka. Ondoa kioo cha kawaida. Kama boksi ni la mbao ghafi lazima liwe limetibiwa na kugongwa muhuri wa ISPM 15 (kanuni ya kimataifa ya vifungashio vya mbao), plaiwudi imesamehewa. Mbegu, udongo, majani makavu ndani ya kazi vinaweza kuzuiwa na ukaguzi wa mimea, kwaiyo uliza nchi inayopokea kabla hujabandika.

Mteja kanirudishia kazi, kona imebanduka.

Usiipachike gundi kwa haraka. Angalia kwanza kimeachia nini: kama gundi imebaki kwenye ubao na karatasi ni kavu, karatasi ilikuwa na nta au vumbi, isugue nyuma kidogo kwa msasa laini. Kama gundi imebaki kwenye karatasi, ubao ulikuwa na mafuta au hukuupaka rangi. Kama kuna harufu ya unyevu, tatizo ni ukuta wake na kona zingine tatu ziko njiani, mwambie. Ukishajua, ingiza gundi kwa brashi nyembamba au kipande cha karatasi, bonyeza, weka karatasi isiyoganda, uzito usiku kucha. Andika nyuma tarehe na gundi uliyotumia, atakayeifungua baada yako atataka kujua.